Tunataka Daktari wa Ngozi wa Kike. Haya, Nani Amemsomesha?

Leo sikupakeni mafuta kwa mgongo wa chupa. Nasema wazi: mwanamke anayekoroga krimu kwenye ndoo na kukuuzia kwenye kopo lisilo na jina si daktari wa ngozi. Hata akijiita "dokta" kwenye WhatsApp. Hata akivaa koti jeupe na kuning'iniza picha za uso wa kabla na uso wa baada. Ni muuza krimu, na sisi wanawake ndio tuliompa cheo ambacho hakukisomea.

Na hilo si kosa letu pekee. Mwanamke wa Kiislamu akiota upele kifuani, akiwashwa kwenye mapaja au akipata kidonda mahali pa siri, neno lake la kwanza hospitalini ni hili: "Yupo daktari wa kike?" Ni neno la haya, na haya ni katika imani, sina ugomvi nalo. Lakini nauliza, huyo daktari wa kike ashuke kutoka wapi? Daktari hazaliwi na cheti mkononi. Ni binti ya mtu fulani, alilipiwa ada na mtu fulani, na alipofika kidato cha nne kuna mtu alisema "aendelee" badala ya kusema "inatosha, kuna mchumba." Sote tunamtaka awepo. Wangapi tumemtoa?

Mimi ni fundi cherehani, nashona na kukodisha nguo za harusi hapa Ruponda, wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikachukua kozi ya ushonaji, na Alhamdulillah biashara inaniweka mjini kwa wateja wa Nachingwea na Ruangwa. Nyinyi wa Unguja na Pemba mna harusi zenu na sisi tuna zetu, lakini makopo ya krimu ni yale yale, yanavuka maji na kupanda mabasi. Fundi huona kitu ambacho hata bwana harusi bado hajakiona. Napima mabega, mgongo, mikono na shingo kabla shela halijafunika. Msimu wa korosho ukiisha na fedha zikiingia, harusi zinafuatana, na mimi naona ngozi baada ya ngozi.

Naona uso mweupe na vidole vyeusi kwenye viungo. Naona michirizi kwenye mikono ya binti wa miaka 20 ambaye hajawahi kunenepa wala kuzaa. Naona ngozi ya shavu iliyokuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na akitoka juani anafunika uso kwa mtandio kwa sababu unaungua. Biharusi mmoja alinihesabia alichotumia: krimu ya uso, krimu ya mwili, dawa ya vidole, sabuni na mafuta ya kuchanganyia. Ilifika laki 2 na elfu 40. Nikamuuliza kama ameshawahi kumwona daktari wa ngozi. Akacheka. Akasema, "Dada, kwani mimi naumwa?"

Hapo ndipo tulipopotea. Tunadhani ngozi ni kitambaa cha juu cha kupambia, kumbe ni kiungo cha mwili kama ini na figo, tena ndicho kikubwa kuliko vyote. Inazuia vijidudu, inatunza maji na joto, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kutoa habari za ugonjwa ulio ndani. Daktari wa ngozi anasomea hayo yote, pamoja na nywele, kucha na maradhi ya zinaa, ambayo Tanzania hufundishwa pamoja na ngozi. Anaangalia umbo la baka na mipaka yake, anauliza lilianza lini na nani mwingine nyumbani analo, anagusa aone kama lina hisia. Akihitaji, anakwangua unga kidogo wa ngozi aupime kwa hadubini, au anakata kipande kidogo kipelekwe maabara. Muuza krimu anauliza swali moja tu: "Unataka ung'ae kiasi gani?"

Nikupeni mfano. Kijiji cha jirani palikuwa na binti aliyechumbiwa, mabaka mepesi yakamtoka shingoni na kifuani. Siku ya kupima nguo shangazi wa bwana harusi akayaona. Neno likatembea: mbalanga. Wengine wakasema ukoma. Mahari ilikaribia kurudishwa. Mama mtu akakimbilia kwa muuza krimu, mabaka yakatulia wiki mbili, kisha yakatambaa mpaka mgongoni. Kwa muda wa miezi 2 binti akakataa kwenda hospitali, kwa sababu aliambiwa mtaalamu wa ngozi aliyepo ni mwanamume, naye hakuwa tayari kufungua kifua. Mwishowe akaenda na mama yake, akafunua bega na shingo tu. Mtaalamu akakwangua, akapima, akasema: ni fangasi. Fangasi wa kawaida kabisa, waliolishwa na krimu yenye steroidi. Ndoa ilifungwa mabaka yakiwa bado hayajaisha, maana rangi hurudi taratibu, lakini jina la ugonjwa lilikuwa limeshajulikana na midomo ikafungwa.

Dada zangu, tulizeni akili hapo. Katika fiqhi yetu ya Kishafi, ukoma na mbalanga ni miongoni mwa aibu zinazoweza kufungua mlango wa kuvunja ndoa. Maana yake, jina la baka ni jambo la haki ya mwanamke. Binti anaweza kurudishwa kwao kwa neno la shangazi ambaye hajui tofauti ya mbalanga, ukoma, mashilingi na fangasi. Nani ataitoa tofauti hiyo? Si shangazi, si somo, si mimi fundi, wala si muuza krimu. Hata kadhi mwenyewe akitaka kuhukumu kwa uadilifu itambidi asikie neno la mtaalamu. Na mtaalamu huyo angekuwa mwanamke, binti yule asingepoteza miezi 2 akiwa amejifungia ndani.

Na kwa kuwa neno ukoma limetajwa, nalisema bila kunong'ona, kwa sababu mkoa wetu wa Lindi ni katika mikoa ambayo ukoma bado upo. Ukoma si laana wala si urithi wa ukoo. Ni bakteria. Dawa yake ni mchanganyiko wa vidonge unaotolewa bure katika vituo vya afya, miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa akishaanza dawa kwa muda mfupi tu haambukizi tena. Dalili ya kuogopwa ni baka lisilo na hisia, ukiligusa kwa pamba husikii. Ukichelewa, mishipa ya fahamu inaharibika na vidole vinapinda. Sasa fikirini mwanamke mwenye baka la namna hiyo ambaye anapakwa krimu ya kung'arisha kwa mwaka mzima. Aliyemuuzia hakumwibia fedha tu, amemwibia na vidole vyake.

Tuje kwenye makopo yenyewe. Ndani ya mikorogo mnakutwa vitu vitatu vinavyojulikana. Cha kwanza ni zebaki, ambayo inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini inaingia mwilini, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Cha pili ni hidrokwinoni, ambayo ukiipaka muda mrefu inaweza kukugeukia ikakuachia madoa meusi ya kibuluu yasiyotoka. Cha tatu ni steroidi kali, dawa halali inapoandikwa na daktari kwa ugonjwa wake na kwa siku zake, lakini ukiipaka mwili mzima kila siku inakonda ngozi, inaleta michirizi na chunusi, na inaweza kupandisha sukari na presha. Mimi nalielewa kwa kitambaa: ukikichovya kwenye dawa ya kutoa madoa mara kwa mara kinakuwa cheupe kweli, lakini ukikishona uzi unakata. Kimekuwa cheupe na kimekufa.

Zebaki ina mkataba wake wa dunia nzima, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa na kufa kwa sumu hiyo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Tanzania imo katika mkataba huo. Bara vipodozi viko chini ya TBS, Zanzibar viko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa. Sheria ipo, dada zangu. Lakini sheria haiingii chumbani kwa somo usiku wa kuamkia harusi.

Na piko nayo ina lake. Hina ya majani haina neno, ni pambo letu na ni sunna ya mabibi zetu. Lakini lile piko jeusi linalokauka haraka mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake huwa mna kemikali inayoweza kuunguza ngozi mpaka malengelenge yakafuata ua lile lile ulilochorwa. Mbaya zaidi, mwili ukishaikataa mara moja huenda ukaikataa maisha yako yote, hata kwenye rangi ya kuficha mvi. Biharusi wa namna hiyo anahitaji daktari wa ngozi siku hiyo hiyo, si kupakwa dawa ya meno na kuambiwa avumilie.

Sasa turudi kwenye swali langu. Daktari wa ngozi anapatikanaje? Nawaeleza akina mama wenzangu, kwa sababu wengi tunasema "udaktari ni mrefu" bila kujua una milango mingapi.

Mlango wa kwanza ni mrefu kweli. Binti anamaliza kidato cha sita na masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Anasoma shahada ya udaktari miaka 5, Muhimbili, Moshi, Dodoma au hapo hapo Unguja kwenye chuo cha SUZA. Anafanya mazoezi ya kazi hospitalini mwaka 1. Kisha anarudi darasani kusomea ubingwa wa magonjwa ya ngozi na zinaa, na KCMC Moshi ubingwa huo ni miaka 4. Jumla ni kama miaka 10 baada ya kidato cha sita.

Mlango wa pili watu wengi hawaujui, na ndio naupigia kelele kwa ajili ya mabinti wa Ruponda. Binti aliyefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne anaweza kusoma stashahada ya utabibu kwa miaka 3, akawa tabibu, akaajiriwa. Akishapata uzoefu wa kazi, kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda pale KCMC, kilichoanza mwaka 1992. Kituo hicho kiliundwa kwa sababu mabingwa wa ngozi ni wachache na wamekaa mijini, ilhali wagonjwa wako vijijini. Kinachukua matabibu na wauguzi waliokwisha fanya kazi, kutoka nchi nyingi za Afrika, kinawafundisha ngozi kwa miaka 2, kisha wanarudi kuhudumia walikotoka. Si bingwa kamili, lakini anaijua ngozi, na anaweza kukaa hospitali ya wilaya.

Pale pale Moshi inatengenezwa losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi inawamaliza wakiwa bado vijana. Ninapolifikiria jambo hili nanyamaza kimya. Kuna mtu hana melanini, yule chembechembe wa rangi wa kumkinga na jua, na anahitaji krimu ili aishi. Na kuna mwingine Allah amempa melanini tele, bure, naye anatoa laki 2 ili aiue.

Najua mtakayonijibu, maana nimeyasikia dukani kwangu yote.

Mtasema, "Akisoma sana ataolewa lini?" Tabibu anaweza kumaliza chuo akiwa na miaka 21 au 22. Huyo amechelewa wapi? Na anayekwenda njia ndefu ya udaktari hakatazwi kuolewa njiani. Mtafutieni mume anayejua thamani ya elimu, na andikeni sharti la kusoma kwenye mkataba wa ndoa, jambo ambalo dini imeruhusu na sisi hatulitumii ila kwenye mahari.

Mtasema, "Ada tutapata wapi?" Hapa sitaki kuwa mnafiki, maana na mimi nakula kwenye harusi. Sisemi harusi zisifanywe, wala shela lisivaliwe. Lakini ukoo unaoweza kuchangishana kwa ajili ya sare, muziki, meikapu na krimu kwa siku 3, usiniambie hauwezi kuchangishana kwa ajili ya ada ya binti mmoja kwa miaka 3. Kamati ya harusi tunaijua kuiunda. Kamati ya ada ina ugumu gani? Na Bodi ya Mikopo siku hizi imeanza kukopesha na baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa fani za afya. Ulizeni.

Mtasema, "Ngozi si udaktari wa maana, bora awe wa moyo." Kamwambie hivyo mwanamke aliyefukuzwa kwa mumewe kwa sababu ya baka. Kamwambie mama mwenye watoto 5 wenye upele nyumba nzima, hawalali usiku wala hawasikii darasani.

Na mtasema, "Mtoto wa kike atatazama miili ya wanaume." Wanavyuoni wamesema dharura ya tiba ina hukumu zake, na mwanamke atibiwe na mwanamke pale anapopatikana. "Anapopatikana" ndilo neno zito. Sisi tumelifanya neno la kumlaumu daktari wa kiume, kumbe linatulaumu sisi ambao hatukumtoa wa kike. Imam Ghazali, aliyefariki karne 9 zilizopita, aliuhesabu utabibu katika fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kujazana kwenye elimu moja na kuuacha utabibu kwa watu wa dini nyingine. Fardhi kifaya mnaijua: wakisimama wachache, wengine wamesalimika. Asiposimama yeyote, dhambi ni ya wote. Na kabla ya Ghazali kulikuwa na Rufaida al-Aslamiyya, aliyetibu majeruhi kwenye hema penye msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Mwanamke, msikitini, akitibu wanaume wenye majeraha ya vita. Sasa nani anatuambia kwamba tiba si kazi ya binti wa Kiislamu?

Kwa hiyo nawaomba, na ombi langu ni zito. Biharusi, ukiona baka, chunusi sugu, muwasho au nywele zinanyonyoka miezi kabla ya harusi, nenda hospitali mapema, na ubebe makopo yote unayotumia ili mtaalamu ayaone. Kama unatumia mkorogo, mwambie ukweli, maana steroidi kali ukiikatisha ghafla ngozi inaweza kulipuka, naye atakuelekeza namna ya kuiacha. Liwa na mafuta ya nazi ya bibi yako hayakumwua mtu figo. Masomo na makungwi, mnasikilizwa kuliko daktari, basi kopo lisilo na jina la kiwanda wala viambato lisivuke mlango wa chumba cha biharusi.

Na nyinyi mama zangu wa Nachingwea, wa Ruangwa, wa Unguja na wa Pemba: matokeo ya kidato cha nne yakitoka, tazameni alama za Kemia na Baiolojia za binti kabla ya kutazama barua ya posa. Mimi dukani kwangu nimeanza na hili: mzazi anayekuja kukodi nguo ya harusi ya binti mkubwa namwuliza mdogo wake yuko darasa gani na anapenda somo gani. Wengine wanakasirika. Wachache wanakaa kitako, tunaongea, na nguo inasubiri.

Ya Allah, utujaalie matabibu katika mabinti zetu, na utuhifadhi na wenye kuuza sumu kwa jina la uzuri. Amin.